Ile Sultan ni Altezza au Impreza?

Waandishi wenzangu, kuna ubishi ulioanza katika banda la gemu pale Same mjini nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo haujaisha. Katika gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, kuna gari la milango minne linaloitwa Sultan. Barabarani hulioni gari la jina hilo. Kambi moja ikasema ile ni Subaru Impreza. Kambi nyingine, niliyokuwemo mimi, ikasema ni Toyota Altezza. Watu walikaribia kushikana mashati, na mwenye banda akatishia kuzima mashine.

Waliounda gemu ile hawakuandika jina la kiwanda chochote cha kweli. Kutumia jina na umbo la gari la mtu kunataka ruhusa, na ruhusa ina bei. Tena kiwanda gani kitafurahi kuona gari lake likigonga watu na kukimbia polisi? Basi wakachanganya: mbele wakachukua huku, nyuma kule, wakabandika jina la kubuni. Lakini mwenye macho hadanganyiki. Huntley ni Range Rover ukiitazama tu. Elegy ni Nissan Skyline. Infernus wanayoipenda sana vijana inafanana na Honda NSX. Na ile kampuni yao ya Maibatsu, hata asiyewahi kushika usukani anajua imezaliwa na Mitsubishi.

Mimi nasema huo ni utunzi, na utunzi mzuri. Kwa sababu jina halikuwepo, tulilazimika kutazama. Tulibishana juu ya taa za nyuma, juu ya mkato wa dirisha la mwisho, juu ya pua. Tulikuwa tunaacha pedi, tunatoka kwenda kusimama kando ya lami ya Dar es Salaam–Arusha kungoja Altezza ya kweli ipite, halafu tunarudi ndani mbio na ushahidi. Sijawahi kulitazama gari namna ile kabla wala baada. Linganisha na Gran Turismo ya mwaka 1997, ambayo ilipata ruhusa ya viwanda. Humo Mark II imeandikwa Mark II, Chaser imeandikwa Chaser, na ubishi umekufa kabla haujazaliwa. Ni gemu safi, sikatai. Safi mno: unaligonga gari ukutani na halibonyei hata kidogo.

Halafu ikaja ya simu, Bus Simulator Indonesia ya kampuni ya Maleo, mwaka 2017. Hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Gemu inamruhusu mchezaji kulipaka basi rangi zake mwenyewe na hata kuingiza gari alilolitengeneza, na vijana wa Kitanzania hawakulaza damu. Leo unaweza kuendesha basi lenye rangi za Dar Express, jina kubwa kiooni. Tena Indonesia nao wanapita kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango uko upande wake. Mara ya kwanza kuliona nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Furaha ile ilidumu siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuona. Lile nililopewa mimi lilikuwa na rangi ya kwetu juu ya bodi ya Indonesia: kioo cha mbele kimekatwa vingine, na paa limeinuka pasipoinuka. Ukibonyeza honi inalia ule muziki wao wa telolet, ule uliowapagawisha vijana wa Java mwaka 2016. Wapo mafundi waliochonga bodi upya kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hao nawavulia kofia. Lakini wengi wamepaka rangi tu. Rangi inasema Same, bati linasema Surabaya. Mtu aliyekulia kando ya lami hii huitambua Scania na Yutong kwa mlio kabla haijatokeza, huwezi kumpumbaza kwa stika.

Nilikuwa nawacheka sana hawa wapaka rangi, mpaka yakanikuta.

Ninaandika riwaya. Sura ya tatu inatokea mwaka 1978, vijana wanashuka kutoka Mbaga kwenda vita vya Kagera. Wameshuka na Land Rover 109, jina nililoulizia kwa watu ili nisikosee. Nikampelekea mzee mmoja aliyeendesha magari ya mlimani miaka mingi, njia ya Same kupita Mwembe. Akasoma polepole, miwani puani, akafika pale nilipolieleza gari, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, hii 109 yako umeiona wapi?"

"Zipo tu, mzee. Hata jana imepita moja."

"Iliyopita jana ni 110. Umeandika uso bapa, taa na wavu vimekaa sawasawa. Umeandika magurudumu yana nyusi. Hiyo ni 110, na mwaka huo ilikuwa haijazaliwa. Ya 109 wavu umeingia ndani, taa ziko kwenye mabawa."

Kweli, 110 ilitoka mwaka 1983. Nilikuwa nimetazama gari moja na kuandika jina la jingine. Stika ya 109 juu ya bodi ya 110! Na aliyenikamata hajawahi kushika gemu maisha yake yote. Alifanya kile kile tulichokifanya bandani: akaliacha jina pembeni, akasoma umbo.

Sasa nitazameni hadithi zetu sisi vijana, zikiwemo zangu. Tajiri hushuka kwenye "Benzi jeusi". Mpelelezi hufukuza na "gari dogo la kisasa". Msichana hupewa lifti kwenye "gari la kifahari". Benzi lipi, bwana? Mlango wake unafungwaje? Ukilifuta hilo jina, kuna kitu kinabaki pale kwenye karatasi? Mara nyingi hakibaki hata tairi.

Hata San Andreas siisifu yote. Inao mlima wake, Mount Chiliad, na karibu kila gari linaupanda. Unapanda na gari la michezo, unafika kileleni, unapiga honi. Hapo ndipo watunzi wake waliponichosha. Wameiba umbo la kila gari kwa ufundi mkubwa, wakasahau kuiba uzito wake. Anayetoka Mamba Miamba na magunia ya tangawizi anajua gari likifika kona fulani hubadilika kuwa mnyama mwingine: linanuka, linatetemeka, abiria wanateremka kusukuma.

Yule mzee nilimrudia wiki iliyofuata na daftari. Nilimwomba asinitajie jina la gari lolote, anieleze tu lilivyolia likishuka na gia ya kwanza, na mkono wake ulikuwa wapi. Alisimulia tangu saa kumi hadi magharibi. Sura ya tatu naiandika upya. Neno Land Rover nimelifuta kila lilipokuwepo, nione kama mtu wa Mbaga atalitambua.

Na ile Sultan ni Altezza. Anayebisha aje Same.