Heko kwa Walinzi wa Msitu wa Kirinyaga

Heko kwa vyama vya jamii vya misitu vinavyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Kabaru na Gathiuru hadi Chogoria. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wanavijiji nafasi ya kuusimamia msitu pamoja na serikali, lakini uangalizi wenyewe ni wa kale: wazee wa Kikuyu waliomba chini ya mti wa mugumo, nyuso zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na mti huo haukuguswa na shoka.

Kazi ya wanachama ni ya jasho. Huotesha miche kitaluni, huipanda palipovunwa miti, kisha hulima viazi kati ya safu na kupalilia vyote pamoja. Baada ya miaka mitatu hivi miti hutandaza kivuli, na mkulima huondoka. Kuondoka huko ndiko ninakokuheshimu zaidi, kwa maana udongo ule una rutuba na karo za shule hazingoji.

Wangari Maathai, mwanamazingira mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, aliwaamini akina mama wa vitalu tangu 1977. Mito ya Tana na Ewaso Ng'iro, inayolishwa na msitu huu, inawategemea walinzi hawa. Wanastahili pia fungu la haki katika mapato ya msitu.