Mwili Ulioshtakiwa, Mwili Ulionadiwa: Mwanamke, Muziki na Sheria Kutoka Njia Panda ya Kikorongo

Utangulizi

Kikorongo ni njia panda iliyo jirani na mstari wa Ikweta katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Hapo barabara iendayo Bwera na mpakani Mpondwe huachana na barabara kuu ya kutoka Kasese kwenda Mbarara, kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ni mahali panapopokea muziki zaidi ya panavyouuza: wa Kampala huja kwa Kiganda, wa Kongo huvuka mpaka kwa Kilingala na Kiswahili, na bongo fleva husikika pamoja na nyimbo za Kikonzo. Pamoja na nyimbo hizo, msikilizaji wa Kasese hupokea pia hukumu ya kila soko kuhusu mwanamke anayestahili kutazamwa.

Makala haya yanachambua matukio matatu ya kati ya mwaka 2014 na 2019, kisha yanayapima kwa kazi ya Siti binti Saad. Hoja kuu ni kwamba dola na soko, ingawa huonekana kupingana, hukubaliana katika jambo la msingi: mwili wa mwanamke msanii ni mali ya kusimamiwa na mtu mwingine. Sera isiyoligusa jambo hilo hubadilisha msimamizi tu.

Mwili ulioshtakiwa

Februari 2014 Rais Yoweri Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia. Fasili yake ya ponografia ilikuwa pana mno, na adhabu iliweza kufika kifungo cha miaka 10. Sheria hiyo haikutaja sketi fupi, lakini mitaani ilisomwa hivyo: wanawake walivuliwa nguo hadharani na makundi ya watu waliojipa kazi ya kulinda maadili. Mshauri wa sera hana budi kukumbuka kwamba sheria husomwa mara mbili, mahakamani na barabarani, na usomaji wa barabarani hauna rufaa.

Novemba mwaka huohuo mwanamuziki Jemimah Kansiime alikamatwa kwa sababu ya video ya wimbo wake “Ensolo Yange”, akakaa rumande kwa majuma kadhaa. Kwa vigezo vya uhakiki, video hiyo ni dhaifu, kwa kuwa inautegemea mwili kuliko wimbo. Hata hivyo, udhaifu wa kazi ya sanaa ni suala la mhakiki, si la askari jela. Tena, waliomshtaki walitazama ngozi yake wakaliacha jambo zito zaidi, yaani jina lake la kisanii: Panadol wa Basajja, dawa ya maumivu ya wanaume. Jina hilo linamweleza mwanamke kwa kazi anayomfanyia mwanamume, nayo ni kazi ya kumtuliza. Dhuluma iliyomo humo haihitaji mtu avue nguo ili ionekane. Ingekuwapo hata kama msanii angeimba amejifunika gubigubi. Sheria iliyopima urefu wa vazi haikuwa na chombo cha kuupima uhusiano huo.

Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo. Uamuzi huo uliondoa adhabu, lakini haukuligusa soko lililomfundisha msanii chipukizi kwamba sarafu yake ya kwanza ni mwili.

Mwili ulionadiwa

Miaka mitano baada ya sheria hiyo kutiwa saini, serikali ileile iliutazama mwili huohuo kwa jicho jingine. Februari 2019 Waziri wa Nchi wa Utalii, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la Miss Curvy, akiwaweka wanawake wenye maumbo yaliyojaa miongoni mwa vivutio vya utalii wa Uganda. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga vikali.

Shindano hilo lina hoja inayoweza kutolewa kulitetea: kwamba linawapa heshima wanawake ambao kigezo cha wembamba, kinachoenezwa na majukwaa ya urembo na video za muziki, kimewadharau kwa muda mrefu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Shindano lilibadilisha vipimo vya futikamba bila kuitupa futikamba yenyewe. Mwembamba aliyekuwa juu ameshushwa, mnene aliyekuwa chini amepandishwa, na anayepima ni yuleyule.

Maana ya jambo hili huonekana wazi zaidi Kikorongo kuliko Kampala. Kwa wakazi wa kando ya hifadhi, neno “kivutio” halihitaji kamusi: ni kile anachokitazama mgeni aliyelipa kiingilio, nacho hakiulizwi kama kimeridhia kutazamwa. Kumwingiza mwanamke katika orodha hiyo ni kumwondolea sauti kwa lugha ya sifa. Hivyo mwili uliokuwa kielelezo cha ushahidi mahakamani ukawa kivutio, pasipo mwenyewe kusikilizwa katika hali zote mbili.

Mwili usio na jina

Tukio la tatu linahusu muziki unaovuka mpaka wa Mpondwe. Julai 2016 mwanamuziki wa Kongo, Koffi Olomide, alinaswa na kamera akimpiga teke mnenguaji wake katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Kenya ilimfukuza mara moja. Hatua hiyo ilistahili pongezi, lakini iliwezekana kwa sababu teke lilipigwa hadharani. Katika chumba cha mazoezi hakuna kamera, na mara nyingi hakuna hata mkataba.

Mnenguaji ndiye mfanyakazi anayeonekana zaidi na kujulikana kidogo zaidi katika muziki wa dansi: uso wake umo katika video, jina lake halimo katika kumbukumbu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono. Bendi ya kawaida haifikii idadi hiyo. Kwa hiyo anayehitaji kinga zaidi ndiye aliyeachwa nje ya ua.

Jibu la Siti

Fasihi ya Kiswahili ililitafakari suala hili mapema. Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, alidhihakiwa kwa nasaba yake na sura yake. Wasifu uliotungwa na Shaaban Robert unaonesha kwamba hakujibu kwa kujidai mrembo. Alikikataa kigezo chenyewe, akaweka akili na tabia mahali pa sura. Hapo ndipo jibu lake linapolipita la Miss Curvy.

Zaidi ya hayo, wimbo wake wa “Kijiti” unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa, muuaji akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake mashahidi. Wimbo huo ni uhakiki wa sheria inayowaadhibu walio karibu na mkono wake.

Ni kosa, hata hivyo, kumgeuza Siti kuwa fimbo ya kuwachapia wasanii wa leo kwa madai kwamba yeye alikuwa na staha. Thamani yake haikutoka katika vazi, bali katika kulimiliki neno lake.

Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wajibu wa kuzuia unyanyasaji kazini usitegemee idadi ya wafanyakazi, ili wanenguaji na waimbaji wa bendi ndogo walindwe. Pili, haki za watumbuizaji zinazotambuliwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 zisimamiwe kwa mikataba ya maandishi. Tatu, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, Wasifu wa Siti binti Saad uingizwe katika madarasa ya Kasese na kwingineko. Mwanafunzi wa Bwera atakayeusoma atapata lugha ya kuuliza swali ambalo mahakama na shindano la urembo hayakuliuliza: mwenye mwili anasemaje?