Alasiri ya Barazani na Usomaji wa Muyaka

Wako wasomi wautazamao wakati wa alasiri katika miji ya pwani kwa jicho la lawama. Humwona mtu aliyeketi juu ya baraza ya mawe mbele ya nyumba, kikombe cha kahawa chungu mkononi na bao mbele yake, wakamtia katika hesabu ya wavivu. Lawama hiyo ni kongwe. Maofisa wa kikoloni waliitoa, na baada ya uhuru ilitolewa tena kwa sauti nyingine, katika siku ambazo "Uhuru na Kazi" lilikuwa neno la majukwaani. Haifai kuikataa yote. Walakini mhakiki wa fasihi aipokeaye bila ya kuipima hujinyima ufunguo wa sehemu kubwa ya ushairi anaoufundisha, na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa ndiyo yapatayo hasara kwanza.

Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, miaka michache tu baada ya utawala wa Mazrui, aliokuwa mtetezi wake, kuangushwa na Seyyid Said mwaka 1837. Hapana diwani aliyoitoa yeye. Mashairi yake yalikaa katika vichwa vya watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, alipoyaandika kwa hati za Kiarabu, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Kitabu chenyewe, kilichohaririwa na William Hichens, kilitokea Johannesburg mwaka 1940. Karne nzima ilipita kati ya kinywa na chapa. Shukrani zinawastahili wote watatu, kwani bila ya wao pasingekuwa na jambo la kuhakiki.

Kilichookolewa, basi, ni maneno, mazungumzo yalipotea. Shairi la Muyaka aghalabu ni fupi, nalo lina mtu linayemwelekea: mshindani wa siasa, mpenzi aliyegeuka, mwenzake wa biashara, jirani mwenye ulimi. Husema kama asemavyo mtu aliyekwisha ambiwa jambo muda mfupi uliopita. Msomaji wa leo hulikuta peke yake katika ukurasa, akadhani ni mawazo ya mtu mpweke aliyejifungia chumbani. Kisha huja mtihani, na mwanafunzi akaamrishwa ataje dhamira tatu. Huzitaja, akapata alama zake, na shairi likabaki kama nusu ya ugomvi uliosikiwa nyuma ya ukuta.

Si lazima kudai kwamba kila shairi lilizaliwa barazani. Yatosha kujua desturi iliyowalea watungaji na wasikilizaji wao, na bao ni mwalimu mzuri wa desturi hiyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, nusu kwa nusu. Kila mchezaji huanza kwa kuweka kete 10 tu ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizosalia hutiwa moja moja wakati wa namua, na zikiisha ndipo mtaji huanza. Ipatikanapo nafasi ya kula, kula ni lazima. Mchezaji hana ruhusa ya kujifanya hakuiona. Akikosa la kula hutakata, yaani huzisambaza kete zake mwenyewe, na wanaotazama huelewa mara moja kwamba amebanwa. Alexander de Voogt, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 iliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar, aliuona mchezo huu kuwa jambo la kupima ukomo wa akili ya binadamu. Huo ndio uvivu unaolaumiwa.

Malumbano ya mashairi hufuata tabia iyo hiyo. Aliyetupiwa shairi hana budi kulijibu, na heshima ya jibu imo katika kushika bahari na vina vya mchokozi huku maana ikigeuzwa dhidi yake. Mizani kumi na sita za mshororo ni mashimo yaliyokwisha chongwa. Ustadi ni katika kuzipitisha kete. Na hakimu si mmoja. Ni wale walioketi pembeni, wenye wasaa wa kusikiliza mpaka mwisho, kulirudia neno lililouma na kulichukua nyumbani jioni. Bila ya wasaa huo shairi lisingehifadhiwa kwa moyo, wala lisingemfikia Mwalimu Sikujua.

Ushahidi wa hoja hii umo katika mashairi ya Vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne ya 19 baina ya Lamu kwa upande mmoja, na Mombasa na Pate kwa upande wa pili. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walitoa kitabu kinachoyakutanisha mashairi yaliyorushwa huku na huku, Muyaka akiwa mmoja wa wasemaji na Zahidi Mngumi akiisemea Lamu. Alisomaye shairi la Muyaka humo, kando ya maneno yaliyolichokoza, hukuta kejeli mahali alipokuwa akiona majivuno matupu. Mohamed H. Abdulaziz naye, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alikwisha wasogeza wasomaji karibu kwa kueleza hali ya mji na ya watu wake. Kazi hizo mbili zina faida kwa mwanafunzi kuliko miongozo mingi ya dhamira. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa 1923, liliyapokea majibizano baadaye. Lakini lilitoka mara moja kwa mwezi, na jibu lililochelewa hivyo lilipoa njiani.

Limebaki jambo gumu. Ikiwa alasiri ya barazani ilikuwa chuo, nani aliilipia ada? Mombasa ya Muyaka ilikuwa mji wenye watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907, miaka kumi baada ya Zanzibar. Si kila aliyeketi barazani alikuwa tajiri, na Muyaka mwenyewe aliijua dhiki. Hata hivyo wasaa wa mji ulisimama juu ya migongo iliyoinama mashambani. Mhakiki aisifuye baraza na kulinyamazia hilo hufanya kosa lilo sawa na la yule aitaye uvivu.

Na baraza ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa na alasiri yao ndani ya ua, wakisuka ukili wa mikeka, vidole vikifanya kazi na ndimi zikijibizana. Muyaka aliwatungia mashairi ya mapenzi na ya lawama, wakati mwingine akiwasemesha kwa kinywa chake. Waliyomjibu wao wenyewe, ukili ukiwa magotini, hayakuwa na Mwalimu Sikujua wa kuyaandika, na msomaji wa Diwani ya 1940 huusikia upande mmoja wa bao ukichezwa.