Kitenzi Kisichoonyesha Mzizi: Uhakiki wa Mpangilio wa Masomo ya Awali ya Kijapani

Mwanafunzi anayeanza Kijapani huambiwa mapema kwamba kiima hutangulia, yambwa hufuata, kitenzi huja mwisho. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Kinachofungwa mahali pake ni kitenzi. Nomino zinaweza kuhama, kwa kuwa kila moja hufuatwa na kichembe kinachobainisha kazi yake. Juma ga Asha ni hon o ageta na Asha ni Juma ga hon o ageta zote humaanisha ‘Juma alimpa Asha kitabu’. Mzungumzaji wa Kiswahili hana cha kustaajabu hapa: viambishi a- na -m- katika alimpa humpa yeye pia uhuru wa kuhamisha nomino.

Ugumu hasa umo ndani ya kitenzi, na hapo ndipo mpangilio wa Minna no Nihongo, kitabu kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, unastahili kuhojiwa. Vitenzi huingia katika somo la 4 vikiwa katika umbo la adabu la -masu; umbo la kamusi husubiri hadi somo la 18. Kwa muda wote huo mzizi umefichwa. Okimasu ni ‘huamka’ (okiru), na okimasu hiyohiyo ni ‘huweka’ (oku). Ukanushi wa kawaida unapofika, katika somo la 17, mwanafunzi hudaiwa okinai kwa kitenzi cha kwanza na okanai kwa cha pili, ilhali umbo alilozoea halimwonyeshi tofauti yoyote. Hubaki kukariri makundi.

Hasara hii ni kubwa zaidi kwa Mswahili, ambaye tayari ameishi na mnyambuliko. Tabesaseraretakunakatta humtisha asomaye kwa mazoea ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ni ‘sikutaka kulishwa’. Baada ya tabe- (la) huja -sase- ya kutendesha, kisha -rare- ya kutendwa, kwa mfuatano uleule wa -ish- na -w- katika l-ish-w-a. Hitilafu huanzia mbele ya hapo: kutaka, ukanushi na wakati uliopita, ambavyo Kiswahili huvitanguliza, Kijapani huvipanga nyuma, na nafsi haitajwi kabisa. Msikilizaji wa Kiswahili hujua kwa si- kwamba jambo limekanushwa. Wa Kijapani hungoja.

Watetezi wa -masu wana hoja nzito. Anayeanza hukutana na watu asiowafahamu, na kumsemesha mkubwa kwa umbo la kawaida ni utovu wa adabu ambao jamii ya shikamoo haihitaji kuelezwa. Hata hivyo, kulitumia umbo la adabu mdomoni hakuzuii kuliona la kamusi kitabuni. Genki, cha mwaka 1999, huyaweka yote mawili katika somo la 3, pamoja na makundi ya vitenzi.

Kwa hiyo wanaoandaa mihtasari ya Kijapani katika vyuo vya ukanda huu wanaweza kubaki na kitabu walichonacho, mradi orodha ya msamiati ya somo la 4 iongezewe safu ya umbo la kamusi, na maelezo ya sarufi yaanzie kwenye mnyambuliko wa Kiswahili badala ya kupitia Kiingereza.