Kujenga Sekondari na Kuzitunza

Kila mwaka majibu ya mtihani wa darasa la saba yatokapo, vijiji vyetu vya Ugogo huingia katika shughuli moja. Wazazi hufurahi kwa kuwa watoto wamefaulu, kisha baada ya siku chache huitwa mkutanoni kuambiwa ya kwamba vyumba vya kidato cha kwanza havitoshi. Basi hutafutwa mchanga, na mawe, na maji, na watu wa kuchota hayo maji. Shughuli hiyo twaijua sote. Lakini si mara nyingi tunapata nafasi ya kukaa chini na kuupima mpango wenyewe, kama mtu apimavyo kitabu alichokwisha kukisoma: lipi jema ndani yake, na lipi limesahauliwa. Leo twataka kufanya hivyo katika habari ya mipango ya sekondari tuliyoiona tangu mwaka 2004, tukiitazama kwa macho ya mtu akaaye Dodoma, Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa.

Kwanza tutoe sifa panapostahili sifa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ambao wengi huuita MMES, ulianza mwaka 2004. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,291 na wanafunzi 432,599. Mwaka 2009, awamu ya kwanza ilipofika mwisho, sekondari zilikuwa 4,102 na wanafunzi 1,466,402. Wazee wetu wanakumbuka zamani ambapo katika darasa zima la kijiji alichaguliwa mtoto mmoja, pengine asichaguliwe hata mmoja, naye aliyechaguliwa alifungiwa sanduku lake akaenda mbali. Kwa mpango huu sekondari ilimfuata mtoto katani kwake. Mtu asemaye kwamba kazi hiyo haikuwa kitu, huyo hakupata kuwa na mtoto aliyefaulu akakosa nafasi.

Tena mpango ulikuwa na shauri jema la kugawana mzigo. Benki ya Dunia ilitoa mkopo na msaada, jumla dola za Marekani milioni 150. Serikali ilitia fedha zake. Ada ya shule za kutwa ilipunguzwa kutoka shilingi 40,000 hata 20,000 kwa mwaka, na kila mwanafunzi aliwekewa ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwaka. Wanakijiji nao walikuwa na sehemu yao: kutoa kiwanja, kufyatua matofali, kusomba mawe na mchanga, na kuinua kuta. Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, alihimiza sana kwamba kila kata iwe na sekondari yake, na watu waliitika. Twaona ya kuwa mkulima wa uwele asiye na fedha aliweza kusema, "Shule hii ni yangu," kwa kuwa jasho lake limo katika msingi.

Hizo ndizo sifa. Sasa tuseme na kasoro, wala si kwa kulaumu, bali kwa kuwa kazi ya kujenga haijaisha.

Kasoro ya kwanza ni hii: mpango ulihesabu kuta kuliko ulivyohesabu watu watakaokaa ndani yake. Shule zilisimama upesi. Walimu hawapatikani upesi namna ile, maana mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Sekondari nyingi za kata zilifunguliwa na walimu wachache mno, na wa hesabu na sayansi wakakosekana kabisa. Ruzuku ile ya shilingi 25,000 mara nyingi ilifika pungufu. Matokeo yake yalionekana katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume ya kuchunguza, alama zikapangwa upya, na hata baada ya hayo zaidi ya nusu walikuwa wameshindwa. Watoto wale walikuwa na paa juu ya vichwa vyao. Walichokosa ni kile ambacho paa limewekwa kwa ajili yake.

Wala somo hilo halikushikwa mara moja. Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba 3 vya maabara, na mwisho wa kazi ukawekwa Novemba 2014, kisha ukasogezwa mbele. Vijiji vilichanga tena, na kuta zikainuliwa tena. Kujenga chumba cha maabara ni jambo jema. Lakini chumba kisicho na maji, wala vifaa, wala mwalimu wa kemia, ni ghala tu.

Kasoro ya pili ni ya majira. Huku kwetu uwanda wa juu tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hata Aprili, nayo haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Akosaye kupanda mvua za kwanza hana mvua nyingine ya kumfariji. Lakini agizo la kumaliza madarasa huja lini? Huja mwisho wa mwaka, majibu yakiisha kutoka, ili kidato cha kwanza kiingie Januari. Siku zile zile ambazo mtu ameshika jembe, anaitwa kushika karai. Akienda shambani, ataitwa mvivu katika maendeleo. Akienda kujenga, watoto wake watakula nini mwezi wa Agosti? Na tofali lililofyatuliwa karibu na mvua halikauki vema, na msingi uliochimbwa kwa haraka hauendi chini inavyopasa. Haraka haraka haina baraka, na katika ujenzi laana yake huonekana mapema.

Katika habari hii nchi yetu ya Ugogo ina fundisho lake la zamani. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza Kongwa mpango mkubwa wa karanga. Walikusudia kulima eka zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika. Matrekta yakaletwa, reli na nyumba zikajengwa. Waliopanga hawakuichunguza vya kutosha nchi yenyewe. Mvua ilikuwa haba, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi uliganda kama sakafu, hata karanga hazikuchimbika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Hatusemi kwamba sekondari zetu ni karanga za Kongwa, maana sekondari zimezaa matunda. Twasema tu ya kwamba karatasi iliyoandikwa mbali haijui mvua ya hapa itanyesha lini, sharti iulize.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Tulipata kuingia katika sekondari moja ya kata. Jina lake hatulitaji, maana haiko peke yake. Darasa moja lilikuwa na ufa utokao dirishani hata chini kwenye msingi, na mkono wa mtoto uliweza kuingia. Tukamwuliza mwalimu ufa ule ulianza lini. Akasema alipofika aliukuta ni mwembamba kama uzi, akauandikia barua, akajibiwa kwamba hakuna fungu la kazi hiyo. Sasa darasa limefungwa kwa hofu ya kuanguka, na wanafunzi wa mikondo miwili wamebanwa katika chumba kimoja. Siku ile ile kijiji kilikuwa kinaombwa kusomba mawe kwa ajili ya darasa jipya. Fedha za kujenga ukuta mpya zilikuwapo; mfuko mmoja wa saruji wa kuziba ufa ulikosekana. Wahenga walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeona neno hilo likitimia mbele ya macho yetu.

Tuwatazame basi babu zetu waliojenga tembe. Tembe ina nguzo, na mapau, na fito, na udongo juu yake. Kila mwenye tembe alijua kwamba mvua inapokaribia sharti apande juu, atazame palipoliwa na jua, aongeze udongo, akandike. Hakungoja mfadhili. Hakuitisha mkutano. Kutengeneza paa ilikuwa sehemu ya kuwa na nyumba, kama kukamua ni sehemu ya kuwa na ng'ombe. Sasa tumepata nyumba za bati na saruji, na kwa kuwa ni imara kuliko tembe tumedhani hazihitaji mtu wa kupanda juu. Bati hung'oka misumari, mchwa hula mbao za kenchi, maji ya mvua huchimba msingi. Lakini ukarabati hauna sherehe. Hakuna aliyepata kukata utepe kwa sababu ya bati lililopigiliwa upya, na kwa hiyo hakuna anayeliweka katika mpango.

Gharama ya kusahau huko ni kubwa. Serikali yenyewe ilipoamua miaka hii kuzikarabati shule kongwe, kama Tabora, Pugu, Mzumbe na Ilboru, ilipasa kutoa mabilioni ya shilingi, maana uchakavu wa miaka mingi ulikuwa umelundikana. Iwapo shule zilizojengwa kwa mafundi na vifaa bora zilifikia hapo, itakuwaje kwa maelfu ya sekondari za kata, zilizoinuliwa kwa haraka?

Yamkini msomaji mmoja atatujibu: "Ninyi mwasema hayo kwa kuwa mmekwisha kusoma. Kama tungengoja walimu watimie, na maji yafike, na fungu la ukarabati liandikwe, watoto wangapi wangebaki nyumbani?" Jibu hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Ni kweli kwamba haraka ile iliwaokoa wengi, hasa wasichana, ambao wasingepelekwa shule ya mbali. Lakini haraka ya mwaka 2006 ilikuwa na udhuru ambao sisi hatunao. Leo hatuwezi kusema tumeshtukizwa. Mtoto akiandikishwa darasa la kwanza, jina lake li katika daftari, na mwaka wa kuingia kidato cha kwanza wajulikana tangu siku hiyo. Tena Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Maana yake, mwaka mmoja utakuja ambapo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Nani atasema Desemba ya mwaka huo kwamba hakujua?

Mwingine atasema, "Fedha zitoke wapi? Ada imefutwa tangu Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango shuleni." Ni kweli, nasi hatutaki michango ile irudi, iliyomfukuza mtoto wa maskini darasani. Lakini fedha za kujenga zimekuwa zikija. Mwaka 2021, katika mpango wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Kazi ile ilikuwa na jambo moja la kuigwa: kila mtu alijua bei. Mwanakijiji aliyepita njiani aliweza kuuliza, "Milioni 20 zimefika wapi?" Hesabu inayojulikana na wote ni mlinzi asiyelala.

Basi shauri letu ni hili. Kila kata inapopanga kujenga, bei ya darasa isiwe kuta na paa tu, bali nyumba ya mwalimu na maji pia. Kazi ya mawe na matofali ifanywe kati ya Juni na Oktoba, mavuno yakiwa ndani na jua likiwa kali, wala isingojewe majibu ya mtihani. Halmashauri iweke fungu la ukarabati kila mwaka, dogo lakini la hakika, na matumizi yake yabandikwe ukutani. Nasi wanakijiji tuweke siku moja ya Novemba, kwa hiari, fundi apande juu ya kila paa, na wengine wazunguke kila msingi, kama babu zetu walivyofanya. Siku hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji ngazi, nyundo, na watu wanaoona shule kuwa ni yao.

Mwalimu yule wa darasa lenye ufa alituambia kwamba bado anaandika barua kila muhula. Hatumwombei jibu tu. Twaomba ya kwamba katika mipango ijayo kusiwe na haja ya barua, kwa kuwa ufa umekwisha kuhesabiwa kabla haujaonekana.