Nitazameni Basi

Mwaka 2002, msanii Hasan Elahi, Mmarekani aliyezaliwa Bangladesh, alishikwa kwenye uwanja wa ndege wa Detroit akirudi kutoka safari. Akaulizwa: tarehe 12 Septemba 2001 ulikuwa wapi? Kumbe mtu alikuwa amepiga ripoti ati Mwarabu mmoja ametoroka siku hiyo na kuacha vilipuzi kwenye stoo ya kukodi huko Florida. Elahi si Mwarabu, na vilipuzi havikuwepo. Hata hivyo ilichukua miezi sita, na mashine ya kupima uongo mara tisa, ndio FBI waridhike.

Kazi yake, Tracking Transience, ilitokea hapo. Mwanzoni alikuwa anawaarifu kila akisafiri. Halafu akaamua kuwapa kila kitu: tovuti yenye ramani ya alipo, na maelfu ya picha za alichokula, vitanda alivyolalia, hata vyoo alivyotumia.

Ukianza kuangalia unacheka. Choo, choo, sahani ya wali, choo tena. Baadaye kicheko kinakwisha, maana unagundua mwenyewe hayumo. Sahani ipo, mlaji hayupo. Shuka zimevurugika na hakuna mtu. Kilichomfanya ashukiwe ni sura yake, na sura hiyo ndiyo amewanyima. Unamchungulia miaka nenda rudi, na bado ukikutana naye njiani humjui.

Wanaomsifu husifu ujanja: ukimwaga habari zako zote bure, siri za wapelelezi zinakosa bei. Naye husema hivyo hivyo. Mimi sikubali, si yote. Mzigo wa kujieleza umebaki mgongoni mwake, na sasa anaubeba kila siku bila hata kuulizwa. Tena ujanja huo unahitaji afisa anayetaka kusikiliza. Aprili 2014, wakati wa Usalama Watch, Wasomali walizolewa Eastleigh wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wengine wakiwa na vitambulisho vya Kenya mfukoni. Nani pale angetoa simu aonyeshe picha ya chakula cha jana? Simu yenyewe ingerudi?

Kwa hivyo ramani, kwangu, ni kazi ya polisi iliyofanywa vizuri sana. Ningeitoa. Picha ningeziacha, nyingi hivyo hivyo, bila kusema ni za wapi.