Kikokotoo cha tairi: hesabu sahihi, jibu pungufu

Mtu akitaka kubadili saizi ya matairi ya 4x4 yake siku hizi, mara nyingi anaanza na kikokotoo cha mtandaoni. Unaingiza saizi ya zamani, unaingiza mpya, kinakuambia spidomita ikisoma 80 gari linakwenda ngapi. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 3, vingi vinakupa rangi ya kijani. Ukizidi hapo, nyekundu. Ni bora mara mia kuliko ule ushauri wa gereji wa "ilimradi haligusi madigadi, funga tu." Ila nimevitumia vya kutosha kuona kwamba vinajibu swali rahisi na kuacha lile gumu.

Tuvipe haki yao kwanza. Chukua 265/65R17, saizi utakayoikuta kwenye Hilux na Prado nyingi. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu ni kama milimita 172. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu (431.8), unapata kipenyo cha milimita 776. Saizi ya 285/70R17 inatoa 831. Ongezeko ni asilimia 7.

Spidomita haipimi barabara. Inahesabu mizunguko, halafu inazidisha kwa mzingo wa tairi la kiwandani. Ukifunga tairi kubwa, kila mzunguko unalipeleka gari mbele zaidi kwa asilimia 7 na dashibodi haina habari. Kwa hiyo kikokotoo kinasema: ukisoma 80, unakwenda 85.6.

Hapo ndipo ninapogoma. Jibu hilo linadhani spidomita ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo, wakati kwa kawaida haisemi. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya na kwingineko, inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu isome juu: hadi sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi, ukiongeza kilomita 4 kwa saa. Ukienda 80 kweli, dashibodi inaweza kusoma hadi 92 na bado iko ndani ya kanuni. Watengenezaji wengi huiacha isome juu kidogo, wawe salama. Tuseme yako inazidisha kwa asilimia 5. Kabla ya kubadili, ukisoma 80 ulikuwa unakwenda 76. Baada ya kubadili unakwenda 81.5, siyo 85.6.

Sasa wapo wanaosema, "Basi tairi kubwa limeirekebisha spidomita!" Polepole. Ulichofanya ni kula akiba iliyokuwa inakulinda. Na hapa ndipo ile kanuni ya asilimia 3 inaponikera zaidi, maana inahesabu kupanda na kushuka kuwa sawa. Tairi dogo linaifanya spidomita isome juu zaidi, unachelewa tu kufika. Tairi kubwa linaisogeza upande wa hatari.

Kihesabu kilomita nacho hakina akiba ya kisheria kama ile. Baada ya mabadiliko haya kinaweza kupunguza kwa karibu asilimia 7 nzima: unaposoma 5,000 na kupeleka gari sevisi, limetembea takriban 5,350. Mafuta pia. Gari linalotumia lita 11.2 kwa kilomita 100 za kweli litaonekana linakunywa 12. Tairi kubwa na zito huongeza ulaji kweli, lakini sehemu ya malalamiko ya "tangu nifunge haya matairi gari linakula" ni hesabu ya dashibodi tu.

Halafu kuna kashata, yaani meno ya tairi. Kikokotoo kinalinganisha jipya na jipya. Tairi lililopoteza milimita 8 za kashata limepungua kipenyo kwa milimita 16, karibu asilimia 2. Ukitoa vipara na kufunga makubwa mapya, siku hiyohiyo unaruka asilimia 9. Na kwa 4x4, ukiweka mapya mawili mbele na kuacha yaliyochakaa nyuma, kisha ukaingiza 4H kwenye gari lisilo na difu ya katikati, shafti za mbele na nyuma zinalazimika kuzunguka sawasawa. Kila kilomita, kama mita 20 lazima ziishe kwa matairi kuteleza. Kwenye tope, sawa. Kwenye lami, mzigo huo unabebwa na giaboksi na shafti. Sijaona kikokotoo kinachouliza habari hii.

Yote haya kwa faida gani? Gari linapanda kwa nusu ya tofauti ya kipenyo: sentimita 2.7.

Ushauri wangu: kikokotoo kitumie kupata uwiano tu. Mwendo upime mwenyewe. Tafuta barabara iliyonyooka, abiria ashike simu yenye GPS, wewe shikilia 50 bila kubadili kwa nusu dakika, kisha 80. Andika. Rudia baada ya kufunga mapya.

Anza na hiyo 50, kwa sababu ndiyo ya kupita vijijini. Kasi ikiongezeka kwa asilimia 7, nishati ya mgongano inaongezeka kwa zaidi ya 14. Tochi ya trafiki ikikukamata utalipa faini na kuendelea na safari. Mtoto anayevuka barabara hana kikokotoo.